Mraba wa Umbali

Nilipoisoma ile fomu nilitaka kuitafuna. Mkaguzi wa kelele alikuwa ameandika, kwa mwandiko ninaoujua tangu akiwa kidato cha pili: Ukali wa sauti penye mfanyakazi, 8. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa, 10. Msumeno uendelee.

Mfanyakazi huyo ni baba yangu. Amepasua mbao katika kiwanda hiki miaka ishirini na mitatu, na sikio lake la kulia limekwisha kufa. Tumebaki na la kushoto. Mimi ndiye niliyeandika malalamiko ili tuliokoe, na siku hiyo niliomba ruhusa shuleni ili nishuhudie kwa macho yangu.

"Umepima wapi?" nilimuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepima wapi?"

Alikuwa amepima mlangoni! Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimeng'arishwa, na kule ndani unga wa mbao unafika kwenye vifundo vya miguu. Basi bwana mkubwa alisimama kizingitini, mita sita kutoka kwenye msumeno, akanyoosha mkono na kifaa chake, kikasoma 2. Kisha akaketi ofisini kwa mwenye kiwanda, akaletewa chai, akapiga hesabu.

"Mzee anasimama mita moja na nusu," alinieleza. "Sita gawanya kwa moja na nusu, unapata nne. Yuko karibu zaidi mara nne, kwa hiyo anapata sauti mara nne. Mbili mara nne, nane."

"Na mraba umeuacha wapi?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemrekebisha bibi yake. "Mwalimu, mraba ni wa eneo. Hapa tunapima umbali."

Hasira zilinipanda mpaka nikashika meza. Maneno hayo ni yangu. Mwaka ule nilipomfundisha, zilibaki wiki mbili mtihani ufike, na darasa zima lilikuwa bado linachanganya mita na mita za mraba. Nikawakaririsha kama kasuku: mkiona mraba, jueni ni eneo, pasipo eneo, msiguse mraba. Mada ya sauti na umbali niliiruka. Walifaulu, nikapongezwa mbele ya walimu wenzangu, nikachekelea, mjinga mimi.

Mwenye kiwanda alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, Mwalimu! Halafu unajisumbua bure. Sikio la kufa halisikii dawa." Aliipenda methali yake, akairudia huku akinyoosha kidole dirishani, kule alikokuwa baba ameinamia ubao.

Ningemjibu, ningempiga. Nilimpokonya mkaguzi kalamu, nikageuza fomu yake nyuma na kuchora nukta.

"Huu ni msumeno. Sauti inatoka hapa inatawanyika pande zote. Ukienda mbali mara mbili, sauti ileile inalazimika kufunika eneo mara nne. Eneo lako hilo, umeliona? Kila kipande kinapata robo. Sasa wewe umesogea karibu mara nne. Sauti inaongezeka mara ngapi?"

Midomo yake ilichezacheza. "Nne mara nne... kumi na sita."

"Mbili mara kumi na sita?"

"Thelathini na mbili," alisema, na chai yake akaisukuma kando.

"Hizo ni hesabu za ubaoni," mwenye kiwanda alidakia. Hakuwa anacheka tena. "Fomu imeshapigwa muhuri."

"Basi tukapime."

Nilimshika mkaguzi mkono wa shati nikamvuta hadi ndani, viatu vyake vikazama kwenye unga wa mbao. Nilimsogeza baba pembeni, nikamsimamisha mkaguzi palepale. Kifaa kilisoma 31. Dakika haikuisha, akaziba masikio kwa viganja na kunifanyia ishara tutoke.

"Miaka ishirini na mitatu!" nilimpigia kelele usoni. Sijui kama alinisikia.

Alikata ile 8, akaandika 31, na chini yake: msumeno usimame mpaka ufungiwe kizuia sauti. Swichi aliishusha mwenyewe. Meno ya msumeno yalizunguka, yakalegea, yakatulia. Tukaanza kusikia shomoro darini, na mwenye kiwanda akitukana mlangoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifurahi.

Nilimwendea baba upande wake wa kushoto. "Baba, wamezima."

Aliutazama msumeno, kisha akanitazama mimi, akautazama tena.

"Sasa mbona msumeno bado unalia?"

"Unalia kwenye sikio gani, baba?"

Aliinua mkono wake wenye vumbi, akaziba la kushoto.