Pazia la Mama Mkubwa

Pazia lenyewe lilikuwa zito, la kitambaa cheusi kilichoanza kupauka kwenye mikunjo. Lilining'inia katikati ya ukumbi wa mazoezi, kwenye waya uliokazwa ukuta hadi ukuta. Upande mmoja kulikuwa na meza ya wasaili na viti vitatu. Upande wa pili kulikuwa na sakafu tupu ya mbao na mlango mdogo. Aliyetaka kusomea uigizaji katika chuo kile aliingia kwa mlango huo, akaigiza nyuma ya pazia, akatoka alikoingilia. Waliokaa mezani walimsikia tu. Hawakujua kama ni mrefu au mfupi, mweusi tititi au maji ya kunde, kavaa viatu vya ngozi au kandambili za kuazima. Hata jina hawakupewa. Walipewa namba.

Aliyelitundika ni mkuu wa chuo, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye wanafunzi walimwita Mama Pazia, naye akijua na kujifanya hajui. Alipokabidhiwa chuo alikuta wafalme na malkia wote wa jukwaani wanafanana kama waliozaliwa tumbo moja: warefu, wenye sura za kupigwa picha, wenye kuongea kama watangazaji. Waliobaki walibeba mikuki na trei. Katika kikao chake cha kwanza alisema kwamba jukwaa ni la watu wote, na kama macho ndiyo yanayowapotosha, basi wayafumbe. Wiki hiyo hiyo akaja na kitambaa na fundi. Kelele zilipigwa, zikachoka, zikanyamaza.

Tangu hapo wakaanza kuingia watu ambao zamani mlinzi wa getini angewauliza wanamtafuta nani. Mmoja aliungua uso utotoni, akaja kuwa bingwa wa vichekesho. Mwingine alizungumza kwa lafudhi nzito ya kwao, akafundishwa kuitumia badala ya kuionea haya. Na alikuwepo Nusu.

Nusu alikuwa mfupi kiasi kwamba ukimwona kwa mbali ungemdhania mtoto wa shule ya msingi. Jina hilo alijipa mwenyewe, mapema, kabla watu hawajamtafutia baya zaidi. Sauti aliyokuwa nayo ilijaza ukumbi hadi vioo vikatetemeka. Siku ya usaili wake wasaili walimpa alama za kifalme, na pazia liliposogezwa baada ya alama kufungwa, mwalimu wa sauti alibaki akimtafuta mfalme hewani, juu ya kichwa cha Nusu. Kisa hicho Nusu alikisimulia kila mwaka, na kila mwaka kilizidi kutiwa chumvi. Sasa alikuwa mwalimu hapo hapo, akikaa kwenye meza ya wasaili miguu ikining'inia, kando ya yule yule mwalimu wa sauti, ambaye alifunga skafu shingoni jua liwake, mvua inyeshe, na hakucheka ovyo kwa kulinda koo.

Mama Pazia alikuwa na sababu ya pili ya kulipenda pazia, ila hiyo hakuitangaza. Ukoo wao ulikuwa mkubwa. Tangu awe mkuu wa chuo, kila ndugu mwenye mtoto anayejua kumwiga kuku alimpigia simu. Wote aliwajibu kitu kimoja: simwoni anayekuja, nitambebaje? Hata mdogo wake wa kike, aliyenyonya naye ziwa moja, alijibiwa hivyo hivyo. Mdogo mtu alikuwa na binti aliyepoteza kusikia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baada ya homa kali. Binti alikua anaongea kwa mikono, na kwa mikono hiyo aliwachekesha watu mtaani mpaka wakashika mbavu. Mdogo mtu alisema tu, kama mtu anayepita, kwamba mwanao huyu siku hizi hataki kusikia habari nyingine ila jukwaa. Mama Pazia akajibu kwamba mlango uko wazi, aje kama wengine. Alilisema kwa moyo mweupe. Hakuligeuza neno hilo kuona upande wake wa pili.

Binti akaja kama wengine. Alijiandikisha kwa katibu, akapewa namba, akapanga foleni kwenye varanda.

Asubuhi ile ya usaili ilikuwa imeshachosha. Namba iliyofuata ikaitwa, mlango mdogo ukafunguka na kufungwa, wasaili wakasikia nyayo za mtu asiyevaa viatu. Halafu kimya. Wakangoja. Wakasikia pumzi, kitambaa kikipigwa na upepo wa mtu anayezunguka, kisigino kikigonga mbao, kisha kimya tena. Mwalimu wa sauti alisema huyu amesahau mistari. Nusu akasema hapana, huyu kaja kulala, safari imemchosha. Wakacheka, na Mama Pazia naye akacheka kidogo, kwa pua.

Mezani kulikuwa na kengele ndogo ya shaba. Ikilia, anayeigiza husimama. Mama Pazia aliipiga. Nyuma ya pazia nyayo ziliendelea. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi. Nyayo zikaendelea.

"Ana kiburi," mwalimu wa sauti alisema.

Nusu aliruka kutoka kitini, akaenda akaushika upindo wa pazia na kuuvuta. Kisha akabaki ameushika. Mama Pazia alipoinama pembeni kutazama, alimwona mtoto wa mdogo wake, peku, jasho likimtiririka shingoni, mikono yote miwili juu kama anayekipokea kitu kizito kutoka kwa mtu aliye darini. Binti naye aliwaona. Uso ukamchanua. Akaishusha mikono, akarudi hadi ukutani pa kuanzia, akajifuta jasho, akaanza upya.

Mama Pazia alijua wazi kwamba amri ya kutomwona anayeigiza ni yake. Alijua vilevile kwamba Nusu na mwalimu wa sauti wamewahi kumwona binti huyu nyumbani kwake, akigawa chai. Wangesema anambeba.

"Funga," alisema. "Anayefuata."

Nusu akaliachia pazia.

Mchana mdogo wake alifika chuoni bila kupiga simu. Alimkuta dada yake kwenye varanda, binti akimfuata nyuma, viatu mkononi. Mdogo mtu hakuja kwa ugomvi. Alisema mtoto amefika nyumbani ana furaha, kisha hana, kisha anayo, haeleweki. Anasema alisubiri pazia lifunguke, kwa sababu kila pazia aliloliona kwenye michezo hufunguka. Halikufunguka, akafikiri labda watu wa hapa wana namna yao ya kuona, akaigiza. Katikati likafunguka, akashukuru, akaanza tena. Halafu likafungwa. Sasa anauliza amekosea wapi.

"Mwambie mwenyewe, dada," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Mama Pazia alijua ishara chache, zile za jikoni: njoo, kula, lala, vizuri, baadaye. Ya pazia hakuijua. Akamshika binti mkono, akamwingiza ukumbini, akamsimamisha nyuma ya kitambaa, kisha yeye akazunguka akaketi mezani, akangoja kidogo, akarudi. Akafunika macho yake kwa viganja. Akagusa sikio. Binti alimtazama, akatazama pazia, akaenda mwenyewe kukaa kwenye kiti cha msaili. Aliketi pale muda, akikodolea kitambaa cheusi. Alipotoka alipeleka mikono haraka, na mama yake akachelewa kutafsiri.

"Anauliza, sasa mlikuwa mnasikiliza nini?"

Mama Pazia aliwasindikiza hadi getini. Huko mdogo wake alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto hana chuo kingine cha kwenda, na kwamba mwakani atakuwa ameshatafutiwa kazi ya cherehani kwa jirani.

Kesho yake, kabla ya usaili kuendelea, Mama Pazia aliwaambia wenzake kwamba pazia lina kosa na kosa ni lake. Alitegemea mwalimu wa sauti ndiye atakayewaka. Aliyewaka ni Nusu. Alisema yeye pazia ndilo lililomwingiza hapa. Likiondoka leo kwa ajili ya mmoja, kesho watu wa aina yake wanarudi kubeba mikuki, tena mikuki midogo ya kuchongewa. Alisema anamwonea huruma binti, jana hakulala vizuri, lakini huruma isibomoe nyumba ya wengine. Mwalimu wa sauti alingoja amalize, akarekebisha skafu.

"Na watu watasema umemfungulia damu yako," alisema. "Wengine wote miaka hii uliwafungia, ukaja kumfungulia wa kwenu."

"Watasema," Mama Pazia alikubali.

Alikuwa amewaza usiku mzima, na alichokipata kilikuwa hiki: kila mtu aingie mara mbili. Mara moja asikike asionekane, nyuma ya pazia kama kawaida. Mara moja aonekane asisikike, mbele ya meza, bila neno hata moja. Na waliokwisha kuigiza jana waitwe tena, wote, si mmoja. Nusu alipiga visigino kwenye mguu wa kiti. Kisha akasema hapo pana shimo. Ukijumlisha alama, asiyesikia amekwisha, ana sifuri upande mmoja, na mwenye kimo kama chake Nusu amekwisha upande wa pili. Basi kila mtu ahesabiwe kwa ule upande aliofanya vizuri zaidi, huo huo tu. Wakatazamana. Mwalimu wa sauti aligunaguna kwamba mchezo wa kuigiza ni maneno, na asiye na maneno akasome kitu kingine, lakini alipoulizwa kama anapinga, alisema hapingi, anasema tu.

"Na wewe, mkuu?" akauliza. "Namba ya mtoto wenu ikija, utakaa hapa unampa alama?"

"Sitakaa hapo. Nitakaa upande ule."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamu ya binti ilipofika, Mama Pazia alichukua kiti chake cha mbao, akazunguka pazia, akaketi kwenye ile sakafu ambayo miaka yote aliisikia tu. Palikuwa na baridi kuliko alivyodhani. Ukutani watu walikuwa wameegemea migongo mpaka rangi imechakaa, na chini, karibu na mlango, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Mungu nisaidie nisikohoe.

Usawa wa macho yake kitambaa kilikuwa kimeliwa na nondo, kitundu kidogo cha kutosha jicho moja. Alikiona mara alipoketi. Kutoka upande wa pili nyayo za peku zilianza. Mama Pazia akanyanyuka, akageuza kiti, akaketi akiutazama ukuta.

Alisikia alichokisikia siku ya kwanza: pumzi, nguo, kisigino. Safari hii alisikia na vya zaidi. Alisikia kalamu ya mtu ikiandika, kisha ikiacha kuandika. Kiti cha Nusu kililia kama cha mtu anayesogea mbele. Ukapita muda wa kimya ambao yeye, kwa miaka yake yote ya kazi, aliujua ni kimya cha watu wanaotazama, si cha watu wanaongoja. Kisha mwalimu wa sauti akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavu, akajaribu kukimeza, kikamtoka tena. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, na mtu mmoja, hakujua ni yupi, alivuta kamasi.

Kengele haikulia. Walikuwa wamekubaliana kuzima taa na kuiwasha. Mama Pazia aliona mwanga wa ukumbi ukipotea na kurudi kwenye ukuta ule wa migongo, akajua kwamba imekwisha.

Binti alipata nafasi, kwa alama za watu wawili. Habari ilitembea kama ilivyotabiriwa. Katika chumba cha walimu walisema damu ni nzito kuliko maji. Binamu mmoja alipiga simu kuuliza kama mlango wa ndugu sasa umefunguliwa rasmi, maana ana kijana. Mama Pazia alimwambia kijana aje, ataingia mara mbili kama wengine, na atakayempima si yeye. Binamu alikata simu kabla ya kuagana. Mwalimu wa sauti, akiulizwa, alisema tu kwamba yeye alikuwepo na wao hawakuwepo. Ila hakusimulia alichokiona, wala Nusu hakusimulia, na hilo kwa Nusu lilikuwa jambo geni kabisa.

Jumapili Mama Pazia alikwenda kwa mdogo wake. Walikunywa chai jikoni. Binti alikuwa anaosha vyombo, mgongo umewaelekea. Mama Pazia alimnong'oneza mdogo wake, ingawa hapakuwa na haja ya kunong'ona, akimuuliza ishara ya neno "nionyeshe". Akafundishwa, akaijaribu chini ya meza mpaka vidole vikaelewa. Kisha akaenda akamgusa binti bega.

Nionyeshe, alisema kwa mikono. Akaonyesha darini, akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anayepokea kitu kizito, ili aeleweke ni igizo lipi.

Binti alimtazama mama yake mkubwa kutoka kwenye mikono iliyoinuliwa hadi usoni. Akajipangusa povu kwenye gauni, taratibu. Akajibu. Mdogo mtu aliyekuwa mezani akaangua kicheko, akaweka kikombe chini ili asimwage chai.

"Amesemaje?" Mama Pazia aliuliza.

"Anasema mwisho wa mwaka wana onyesho. Ukate tiketi kama wengine."

Mama Pazia alibaki amesimama katikati ya jiko, mikono bado iko hewani, akiitafuta ishara ya kujibia. Ile ya "vizuri" alikuwa anaijua.