Ukingo wa Godoro la Mama

Mtu aliyebandika magodoro kwa gundi miaka tisa haangalii maua ya kitambaa. Dama Kombe alikuwa amebandika ya kumtosha kule kiwandani Changamwe, na ndiyo sababu godoro jipya lilipoingizwa chumbani kwa mama yake huko Magongo, hakupiga vigelegele na wenzake. Alilisogelea, akakaa pembeni. Pakazama. Alikwenda chini mpaka akauhisi ubao wa kitanda, magoti yakampanda juu kama yuko kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi.

"Baya," alimwambia mdogo wake, "godoro hili halina ukingo."

Baya alikuwa wakala wa mizigo bandarini, anakaa Nyali, ana simu mbili na zote mbili zilikuwa mkononi. Alicheka. "Dada, mtu hulala katikati. Huko ukingoni anatafuta nini?"

Swali hilo linamfaa mtu asiyejua mama yake anaamkaje. Kafedha, mama yao, alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wote wa kushoto ukagoma. Ilimchukua miezi minane kujifunza upya jambo moja tu: kutoka kitandani. Alikuwa akijiviringisha kwa ubavu wa kulia, anajiburura mpaka pembeni, anashusha miguu, anakita ngumi kwenye ukingo wa godoro, kisha anahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, Yesu!" Akifika kwa Yesu huwa amesimama. Hapo hushika ukuta akaenda chooni mwenyewe, na hakuna malkia aliyewahi kutembea kwa maringo kumshinda. Siku hiyo ya kwanza aliyosimama, Dama alilia mpaka akachelewa kazini.

Godoro lililombeba katika hayo yote lilikuwa la sponji tupu, jembamba, lina madoa ya chai, halina sura. Lakini lilikuwa sponji nzito, na ukilikalia pembeni halibonyei.

"Sikiliza," Dama alisema. "Humu ndani springi zimepangwa katikati peke yake. Godoro la haki huzungushiwa waya mnene kandokando, au sponji ile ngumu, ndiyo inayombeba mtu akikaa. Hili, springi zimekomea shubiri nzima kutoka pembeni, wakajazia vipande vya sponji laini. Najua, maana vipande hivyo kazini kwetu ninavijaza mimi. Ukitazama kwa juu huoni kitu. Na hiyo nailoni waliyolifungia, itoe, inateleza."

"Nailoni haitoki," Baya alisema. "Pasta Phineas na akina mama wa kanisa wanakuja Jumapili kuliombea. Walikute jipya."

"Mama atasimama vipi?"

Hapo Kafedha akaingilia kutoka kwenye kiti chake. "Dama! Mdogo wako kaniletea kitu kizuri, wewe waleta mdomo. Tangu utotoni una kijicho na huyu mtoto."

Aliyasema hayo mbele ya Agneta, jirani wa mlango wa pili, na mbele ya mtu wa mkokoteni aliyelileta godoro, ambaye aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kamba yake. Miaka miwili Dama alikuwa amemwogesha mama huyu, amemlisha uji, amemkanda mguu kwa mafuta ya nazi kabla ya zamu na baada ya zamu. Baya alikuwa akija mwisho wa mwezi, ananukia, anakaa nusu saa. Lile neno kijicho lilimchoma.

"Haya," alisema.

Na neno hilo, haya, ndilo lililoharibu kila kitu. Baya alipomwambia mtu wa mkokoteni achukue lile godoro kuukuu akalitupe, Dama angeweza kusema liegemezwe nyuma ya mlango. Hakusema. Alishika upande mmoja, akasaidia kulikunja, akamfungia kwa kamba.

Jumamosi asubuhi Kafedha hakuweza kuinuka. Alikita ngumi, ngumi ikazama. Alijaribu mara tatu, kisha akaita kwa sauti ndogo, na Dama akaja akamshika kiunoni.

"Ni upya tu," mama alisema bila kumtazama. "Godoro nalo lina kuzoeana."

Dama akamsindikiza chooni. Kiwandani sponji ngumu ilikuwa ikitupwa vipande vipande. Vipande viwili vya urefu wa kitanda vingetosha kuchomekwa chini ya ukingo. Au angeweka stuli nzito kando, mama aegemee. Au angechukua mkasi akaikata ile nailoni, watu waseme wanachotaka. Yote hayo aliyajua, na hakufanya hata moja. Alikuwa akisubiri Jumapili. Alitaka Baya aone kwa macho yake, mbele ya watu, kama alivyofedheheshwa yeye mbele ya watu. Moyoni alijiambia kwamba atakuwa karibu, atamdaka mama kabla hajafika chini. Mtu mwenye hasira hakosi cha kujiambia.

Jumapili wakaja, mchana, kanisa lilipotoka. Viti vilikuwa vinne, kwa hiyo akina mama watano walijipanga kitandani, ukingoni kabisa, wakabonyea kwa pamoja huku wakisifu ulaini. Pasta Phineas aliomba maombi marefu, akamshukuru Mungu kwa vijana wanaokumbuka mama zao. Ndege ilipita chini ikielekea kutua, akangoja ipite, akaendelea kumshukuru. Jina la Dama halikutajwa, ingawa mahamri waliyokula alikuwa amekaanga yeye tangu alfajiri.

Akina mama walipohamia sebuleni, Kafedha alibaki amekaa pale ukingoni, na Baya akatoa simu apige picha. "Mama, simama uwaonyeshe. Simama mwenyewe!"

Dama alikuwa mlangoni na birika la chai. Hatua tatu. Aliuona mkono wa mama ukitafuta mahali pa kukita, ukiteleza juu ya nailoni, ukitafuta tena. Mama aliinua macho akamtazama, mara moja, haraka. Hakuita. Ana kiburi, na kiburi hicho Dama amekirithi chote.

Birika lilibaki mkononi.

"Moja," Kafedha alisema. "Mbili."

Ukingo ukalala. Akateremka na nailoni yake, akaanguka kwa nyonga kwenye sakafu ya saruji, na mlio uliotoka haukuwa wa mdomoni. Akina mama walirudi mbio, wakapiga mayowe. Baya akaangusha simu.

Na Dama, Mungu amsamehe, hakumtazama mama kwanza. Alimtazama Baya. Aliutaka uso ule, ulivyofifia, midomo wazi, amejua. Alikuwa ameungoja siku mbili na ukamtulia moyoni kama maji baridi. Ulikuwa muda mfupi mno, hakuna mgeni aliyeuona. Alipoinama, alikuta mama yake chini anamtazama yeye.

"Umefurahi," Kafedha alisema.

"Mayo, sivyo," alijibu, akimwita mama kwa Kigiriama, akapiga magoti. Lakini mama alikuwa amefumba macho.

Nyonga ilivunjika. Kafedha alikaa hospitali wiki sita, na daktari akasema kusimama tena pengine, pengine sivyo. Baya alikuja Magongo amenywea, akamwomba dada yake msamaha kwa maneno kamili, akamwambia, "Chagua wewe. Lolote utakalosema." Dama akazunguka maduka matatu. Alikaa pembeni ya kila godoro, akabonyeza kingo kwa viganja, akauliza kilichomo mpaka wauzaji wakamchoka, na akapata moja lenye sponji nzito pande zote nne. Ulikuwa ukingo usiotingishika hata ukisimama juu yake.

Mama alirudishwa, akalazwa katikati ya godoro hilo. Jioni ya kwanza Dama aliingia na beseni, taulo na maji ya uvuguvugu, akasogeza shuka amgeuze.

Kafedha aliushika ule mkono kwa mkono wake mzima, bila hasira, akauweka kando.

"Kaniitie Agneta," alisema.

Dama akaweka beseni chini, akaenda kumwita.