Datsun Iliyoinama Nyuma

Mwinshehe aliusikia mlio ule vizuri siku alipompeleka mama yake matangani Mvumi. Kila gari lilipoingia shimoni, nyuma kuligonga kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Mama alijishika kiuno.

Alipotoka zamu kwenye stesheni ya reli ya Kilosa, Mwinshehe akaipeleka ile Datsun kwa fundi Wenceslaus, mwenye gereji nyuma ya soko. Gari lilikuwa lake, ila tangu mdogo wake Ashrafu akose kazi, shamba la mkonge lilipofungwa, yeye ndiye aliyekuwa akilitumia kubebea abiria wa Mikumi.

Wenceslaus aliukandamiza mkia wa gari kwa mikono miwili, akauachia. Gari likanesa, likanesa tena, halikutaka kutulia.

"Shokapu zimekufa," alisema. Akapiga jeki, akaegemeza gari kwenye magogo, akaingia uvunguni na nondo. Alipoisukuma springi ya kushoto, ikacheza. "Bushi, hizi raba za springi, zimeliwa zote. Na katika haya mabapa ya springi, jani kubwa limekatika. Njoo uone, kaka."

Mwinshehe akajilaza chali kando yake. Pale ekseli ilipokuwa ikipiga bodi, chuma kilikuwa kimebonyea.

"Abiria wanne hawafanyi hivi," fundi alisema. "Gari hili linabebeshwa mzigo."

"Labda mahindi."

Wenceslaus alionyesha kwa kidole juu ya springi, kwenye tundu la sakafu ya buti. Michirizi myeusi ilikuwa imeteremka hapo na kukauka, na ndani yake zimeganda nywele fupi, ngumu. Mwinshehe akatoka uvunguni, akafungua buti, akautoa mkeka na kuutupa chini. Harufu ikamrudisha nyuma.

Hakuhitaji kuambiwa. Barabara ya Mikumi inapita ubavuni mwa hifadhi ya wanyama. Akaikumbuka nyama aliyokuwa akiileta Ashrafu siku za Ijumaa, eti ya bucha, na mama akila huku akimwombea mwanawe dua.

Ashrafu akaja kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Fundi, tuongezee jani la Land Rover hapo nyuma, libebe vizuri."

"Libebe nini?" Mwinshehe akauliza.

Ndipo Ashrafu alipouona mkeka chini. Uso ukamshuka. "Kaka, siku hizi kila kitu ruksa. Kila mtu anajitafutia."

"Nyati naye ruksa? Na ile nyama uliyomlisha mama, ilichinjwa na nani?"

Ashrafu akajibu kwa sauti ndogo: "Haikuchinjwa. Ilipigwa risasi."

Mwinshehe aliinua mkono ampige, ukabaki hewani. Mdogo wake hakuutazama mkono; alikuwa akiangalia barabarani.

"Nilitaka kuacha," Ashrafu alisema. "Wenye bunduki ninaowabebea wamekataa. Wanasema nimeshaziona nyuso zao."

Jioni hiyo Mwinshehe akampandisha mdogo wake treni ya Kidete, akajifiche kwa mjomba wao. Gari akaamuru lirudishwe lilivyokuwa, bila jani la ziada. Wenceslaus akafunga springi zilizotumika kutoka Morogoro, bushi mpya na shokapu mpya. Walipolijaribu kwenye mashimo ya njia ya mtoni halikugonga, lakini Mwinshehe hakuona raha.

Siku chache baadaye mtu asiyemjua akasimama uani kwake. Alimwamkia mama kwa adabu zote, akalizunguka gari, akaweka kiganja juu ya buti na kulikandamiza.

"Limepona," alisema. "Ashrafu yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Atarudi. Kwao ni hapa." Akamtazama mama, akatabasamu, akaenda zake.

Mwinshehe hakulala vizuri. Kulipokucha akapanda treni. Kidete alimkuta Ashrafu akipalilia vitunguu vya mjomba kando ya mto Mkondoa.

"Wamefika nyumbani," alimwambia. "Mmoja wao alisimama mbele ya mama."

Ashrafu akaacha jembe.

"Twende ofisi ya hifadhi. Useme wewe mwenyewe, mimi nikiwa kando yako."

"Watanifunga, kaka."

"Huenda. Nitakuja kukutazama."

Ashrafu akashuka ukingoni, akanawa mikono na uso, akamwomba mjomba shati safi.