Mama Darasa

Mwaka wa kwanza chuoni wenzake walimwita Profesa. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini kila alipoitwa moyo wake ulilainika. Alikuwa binti wa pekee wa msusi, na katika somo la fasihi hakuna aliyemfikia. Mhadhiri akiuliza swali gumu, macho yote yalimgeukia yeye.

Mwaka wa pili mama yake akajiandikisha.

Alimpa habari wakati wa chakula, baada ya kufunga saluni yake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Aliweka kitambulisho kipya cha chuo kando ya sahani. "Lile somo lenu la fasihi ya kisasa na tamaduni mbalimbali. Wanachukua na watu wazima wanaotaka somo moja tu. Tutakuwa tunaondoka pamoja."

"Pamoja?"

"Kwani wewe unapita njia gani?"

Mwanzoni Profesa aliona aibu tu. Mama yake alikaa kiti cha mbele, akachanganya wahusika wa riwaya ya ukoo mmoja, akamfanya mjukuu kuwa mume wa bibi yake mwenyewe. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Kisha akauliza kwa nini watu wa ukoo ule wanarithishana majina, na wanafunzi wa nyuma ambao hawakuwahi kufungua kinywa wakaanza kueleza majina ya kwao: huyu alirithi la babu, yule alibadilishiwa shuleni, mwingine ana la nyumbani na la mtaani. Mhadhiri, mzee mkavu asiyecheka ovyo, akavuta kiti akasikiliza.

Hapo aibu ikageuka kitu kingine. Walianza kumwita Mama Darasa. Walimwekea kiti, walimuuliza hali ya miguu yake. Na Profesa, bila mtu kutangaza, akawa "yule binti wa Mama Darasa."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuzidiwa alama. Kazi ziliporudishwa, yake ilikuwa juu, ya mama ilinusurika kufeli. Lakini mama akikosea, darasa lilicheka naye. Yeye akipatia, waliandika alichosema, wakafunga madaftari. Nyumbani mama akimuuliza maana ya neno, alimjibu huku akitazama kwingine.

Kisha mhadhiri akawapanga wawili hao wawasilishe pamoja riwaya ya familia iliyohamia nchi ya watu, ambamo baba anakataa katakata kujifunza lugha ya huko. Mama alifanyia mazoezi saluni, akisuka, na wateja wakachangia. "Huyo baba ana kiburi," alisema mmoja. "Kiburi gani, anaogopa kuchekwa na wanawe," akajibu mwingine. Mama aliyapenda maoni yote mawili.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, kiongozi wa darasa alimkuta Profesa mlangoni mwa maktaba. "Kipindi cha kesho mchana kimesogezwa asubuhi. Mama hayumo kwenye kundi letu la simu, kwa hiyo mwambie wewe."

"Nitamwambia."

Alimkuta mama akipiga pasi gauni lake la buluu, midomo ikirudiarudia sentensi ya kwanza. Angesema pale pale. Badala yake akaweka madaftari yake mezani.

"Nikisahau, utanidokeza?" mama aliuliza.

"Hutasahau."

Asubuhi alitoka nyumbani akisema anawahi maktaba. Aliwasilisha peke yake, na aliwasilisha vizuri, bila kukosea mahali popote. Alipomaliza, mkono mmoja ukanyooshwa.

"Mama Darasa yuko wapi?"

"Anaumwa kidogo."

"Pole yake. Anaumwa nini?"

Ugonjwa ule ulijadiliwa kuliko riwaya.

Mchana wanafunzi walikuwa bado kwenye ngazi za jengo mama alipotokea na gauni la buluu, karatasi mkononi. Wasichana walimkimbilia. "Mama, si unaumwa? Ungebaki kitandani."

Mama alimtazama binti yake juu ya mabega yao. Akaelewa. "Nimepata nafuu," alisema taratibu. "Nimekuja kusikia kama kazi yetu ilikwenda vizuri."

Mmoja akampokea mkoba, mwingine akamletea maji. Profesa alitamani ardhi immeze, na papo hapo wivu ukampanda upya: hata ugonjwa wa uongo uliwakusanya watu kwa mama.

Nyumbani mama alivua viatu, akakaa. "Ungeniambia tu kwamba hunitaki mle darasani."

"Mle ndani nilikuwa na mahali pangu," binti alisema. "Sasa wewe unaingia, unavuruga kila kitu, na wanakupenda. Mimi najikamua, na hakuna anayeniuliza hata kama nimekula."

Mama alisogeza viatu kando. "Ulikuwa ukisoma kwa sauti humo chumbani, na mimi nimeshika kichwa cha mtu, nakusikia. Nilikuonea wivu mpaka nikapindisha mistari ya nywele za wateja. Sikuja kukunyang'anya chako, mwanangu. Na mimi nilitaka."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nikishakusamehe nitakwambia. Kula kwanza."

Mama alimwomba mhadhiri amruhusu kuwasilisha peke yake. Alipoteza ukurasa katikati, darasa likamsaidia kuutafuta. Muhula ulipokwisha, alichagua somo la tamthilia, siku nyingine, chumba kingine.

Darasa likawa tulivu. Profesa akarudishiwa jina lake, lakini sasa lilikuwa kama kibao cha mlangoni. Siku moja, akipita ukumbini, alisikia kicheko kutoka chumba cha tamthilia, akajua bila kuchungulia ni nani aliyekianzisha. Alisimama hapo hadi watu wakaanza kumwangalia.

Jioni aliingia saluni, akachukua ufagio akaanza kukusanya nywele zilizodondoka.

"Leo mmesoma nini?" aliuliza.

Mama alimtazama kwenye kioo, vidole vikiendelea kusuka. "Ndugu wawili wanagombea nyumba ya marehemu baba yao. Vuta kiti."

Akaanza kusimulia, mteja akidakia. Wivu haukuwa umekwenda popote. Profesa aliusikia bado kifuani. Lakini alitaka kujua nyumba ilichukuliwa na nani, kwa hiyo akaegemeza ufagio ukutani, akakaa.