Mgonjwa wa Kwanza wa Mashine Mpya

Nyongo ilikuwa imevuja tena. Stoimenka alipapasa shuka chini ya mbavu zake za kulia, akanusa vidole, akageuza uso. Miezi minne sasa mpira wa kutolea nyongo ulikuwa ukitoka ubavuni mwake na kuishia kwenye kifuko cha plastiki kilichojaa maji ya kijani yenye usaha. Moyo wake usingehimili nusu kaputi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpasua. Miaka thelathini alikuwa amefua mashuka ya hospitali hii hii, katika mji wao mdogo wa Bulgaria kando ya mto Danube. Leo alikuwa akiyachafua.

Nafuu yake ilikuwa vyumba viwili mbele. Mashine mpya ingepitisha kamera mdomoni hadi tumboni na kuacha bomba dogo la chuma ili uchafu wa nyongo ushukie utumboni, ndani kwa ndani. Ilikuwa imefunikwa nailoni tangu majira ya baridi, ikimsubiri naibu waziri aje kukata utepe.

Siku hiyo alikuja. Stoimenka hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana mchana. Walimsukuma na kitanda chake hadi mbele ya watu wa televisheni.

"Hicho kifuko kifunikeni," msaidizi wa naibu waziri alisema, leso puani. "Watu watatazama wakiwa mezani."

Daktari Chakarov alikisukumia chini ya blanketi. "Tabasamu, bibi. Leo wewe ndiye bibi harusi."

"Bibi harusi ananuka, mwanangu. Hilo bomba mnaniwekea lini?"

"Sasa hivi. Tuwaage wageni kwanza."

Naibu waziri alikata utepe, akamshika Stoimenka mkono kwa ncha za vidole, kisha akauliza atanawia wapi. Makofi yakapigwa. Harufu ya banitsa, andazi la jibini la karamu, ikaingia mlangoni. Wageni wakaifuata, na daktari nyuma yao.

Saa kumi alasiri muuguzi Rumyana alikuja kumrudisha wodini.

"Na bomba?"

"Bomba halipo, bibi. Yale maboksi waliyopanga pale ni matupu. Zabuni ya mabomba haijapita."

Jioni wodi nzima ilimwona kwenye taarifa ya habari. Mtangazaji alisema mgonjwa wa kwanza ametibiwa na anaendelea vizuri. Wanawake wa vitanda vingine wakampigia makofi. Stoimenka alifungua kinywa awaambie, sauti yake ikamezwa na makofi.

Asubuhi kifuko kilipasuka. Rumyana alikwenda stoo, akarudi mikono mitupu.

"Wamekataa. Faili lako linasema umewekewa bomba la ndani. Daktari ametia saini. Mwenye la ndani hapewi kifuko."

"Mwite basi aje ainuse saini yake!"

"Mimi nakuamini, bibi. Kompyuta ndiyo haikuamini." Rumyana alitazama sakafu. "Na kitanda wanakitaka kabla ya saa sita."

Mwanamke wa kitanda cha dirishani alikula tango la mwisho katika chupa yake ya matango ya siki na vitunguu saumu, akamwaga maji yake kwenye sinki, akampa Stoimenka chupa. Stoimenka akautumbukiza mpira humo, akaibana chupa ndani ya koti, akaondoka. Ndani ya lifti watu walibana pua wakajibandika ukutani. Nyongo iliendelea kudondoka, tone kwa tone, juu ya punje ya kitunguu saumu iliyosalia.