Matairi ya Evon na Ndege ya Mama

"Mimi sibebwi kama maiti," Mama alisema, na aliposema hivyo nikajua mjadala umekwisha.

Wanaume wanne walikuwa wamesimama mlangoni na machela ya zahanati, mabuti yakiwavuja tope. Wakatazamana, wakaishusha machela, wakaingia jikoni kunywa chai. Si kwamba ningewalaumu. Hata wao hawakuwa na hakika kama wangefika. Jana yake mmoja wao alizama mpaka mapajani akiwa hana mzigo wowote, na buti lake moja liko huko mpaka leo.

Nyonga ya Mama ilikuwa imekufa upande wa kushoto. Baridi yote ile hakuwa anakwenda hata chooni bila kushika bega langu. Hospitali kubwa ya mjini Anchorage ilimpa siku ya kuwekewa nyonga mpya, ndege ikashindwa kutua kwa ukungu. Wakampa siku nyingine, ukungu tena. Safari hii walisema wazi kwamba akikosa, anarudi mkiani mwa foleni mpaka baridi nyingine ipite. Ndege ilikuwa inakuja siku hiyohiyo, mchana. Na uwanja wa ndege uko ng'ambo ya kinamasi, na njia ya mbao ya kwendea huko ilisombwa na barafu ya mto ilipovunjika. Boti nayo haipiti, maana mfereji ulijaa magogo. Pikipiki za magurudumu manne, zile nzito za siku hizi, mbili zilikuwa zimekwama palepale mwanzoni, zimeinamisha pua kama nguruwe.

"Balassia," Mama akaniita, "ile ya baba yako je?"

Ya Baba ni ya miguu mitatu, nyekundu, ya zamani kuliko ndoa yangu. Ilikuwa chini ya turubai tangu marehemu atutoke. Nyepesi, ndogo, injini yake ukiivuta kamba mara mbili inaitika. Shida ilikuwa matairi. Mpira ulikuwa umepasukapasuka, ukiubonyeza unatoa vumbi.

Lakini mimi nilikuwa na matairi mapya! Niliyaagiza mwaka uliopita kwa nia ya kuifufua pikipiki ile, nikayaficha chini ya kitanda. Membamba, marefu, yana meno makubwa ya kung'ata ardhi. Nikayatoa nje kwa madaha, nikapiga jeki, nikaanza kufungua nati. Kazi hiyo nilifundishwa na Baba, na hapa kijijini hakuna mwanamume wa kuniambia spana inashikwaje.

Hakuna, isipokuwa Evon, ambaye huniambia kila kitu.

Evon ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu tangu tumboni. Huniita mke wake mdogo mbele ya mke wake halisi, Fedosia, naye Fedosia hucheka mpaka akashika mbavu. Sheria ya utani ni moja tu: ukikasirika, umeshindwa. Mimi nina hasira za karibu, hilo halina siri, nimeshagombana na padri, na muuza duka, na mbwa wa jirani. Lakini kwa Evon sijawahi kukasirika hata siku moja. Ng'o! Siwezi kumpa raha hiyo.

Akaja akichechemea na kikombe chake cha chai, akazunguka pikipiki, akacheka.

"Mke wangu mdogo, unakwenda kulima?"

"Nakwenda kukuzika."

"Kwa meno hayo utafika mbali, utafika chini kabisa! Yatupe hayo. Njoo uchukue yangu, yale mabonge niliyoning'iniza ubavuni mwa boti. Yana tumbo kama langu. Tumbo linaelea, mama, meno yanazama."

"Tumbo lako linaelea kwa sababu limejaa upepo," nikamjibu, na wale wa chai jikoni wakaangua kicheko. Nikaona nimempiga bao. Nikakaza nati ya mwisho.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Neno lile halikuniingia hata kidogo. Mtu akikutania tangu utotoni, unazoea kuangalia utamrudishia nini, huangalii amesema nini.

Nilijua walau kwamba nisimpakie Mama kabla ya kujaribu. Nikafunga magunia mawili ya unga kwenye kiti cha nyuma, nikaongezea na kreti ya samaki wakavu ili uzito ulingane na wake, nikaingia kinamasini. Hatua za mwanzo, safi. Meno yakashika, nikatabasamu. Halafu yakaanza kuchimba. Nilivyozidi kukaza mafuta ndivyo yalivyozidi kulikata lile zulia la majani ambalo ndilo lililotubeba, na chini yake hamna kitu ila maji meusi na barafu inayoyeyuka. Pikipiki ikakaa chini polepole, kama mtu anayeketi kula. Kiti cha nyuma, pale ambapo angekuwa Mama, kilikuwa ndani ya maji.

Nilisikia baridi mpaka kwenye meno, na si baridi ya maji.

Redio za kuitana, zile zinazokaa jikoni kwa kila nyumba, hazikuchelewa. "Balassia anapanda viazi," ilikuwa sauti ya Evon. "Mwenye mbegu amletee." Kijiji kizima kikacheka. Papo hapo ikafuata sauti ya yule anayepokea ndege. Rubani ameshaondoka mji wa Bethel, anapitia kijiji kimoja tu kabla yetu, na amesema hasubiri mtu, mawingu yanashuka.

Hakuna aliyecheka tena.

Walinivuta kwa kamba, mimi na pikipiki na unga uliogeuka uji. Nikaingia ndani nimelowa chapachapa, nikamkuta Mama amekaa vilevile, amevaa gauni lake la maua lenye kofia, mkoba mapajani. Amejiandaa tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia hatuendi. Akaniwahi.

"Evon alikwambia nini?" akaniuliza.

"Alikuwa ananitania tu, Mama."

"Najua alikuwa anakutania. Nimekuuliza alisema nini." Akanitazama kwa macho yale ambayo hayajawahi kunihurumia. "Wewe masikio yako yanasikia kicheko, maneno yanakupita. Sikio la kufa! Nenda kachukue matairi ya mtoto wa kaka yangu."

Nilipotoka nje, Evon alikuwa ameshayakata kamba kutoka kwenye boti, anayabiringisha matatu kwa pamoja, analaani kwa furaha. Yalikuwa mabaya hayo! Mafupi, mapana, laini, yana mwani na kinyesi cha ndege. Rimu zake zilikuwa zimeoza kwa chumvi, nati zimegeuka kutu tupu. Kwa hiyo ilibidi tuitoe mipira yake na kuivisha kwenye rimu za Baba, ambazo nilikuwa nimezivalisha yale mashetani yangu yenye meno. Kazi ya asubuhi nzima irudiwe, na ndege iko angani.

Bahati ni kwamba rimu za pikipiki zile ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa boliti. Ukishazifungua, tairi linatoka kama ganda la yai, mradi ukingo wake uachie. Ukingo wa matairi ya Evon haukutaka kuachia. Tukapiga nyundo, tukakanyaga, wapi!

"Fedosia!" Evon akaita. "Njoo ulikalie hili, kazi uliyoumbiwa imepatikana."

Fedosia akaja, mwanamke mwenye mwili wake, akapanda juu ya tairi akaruka mara moja. Likaachia. Akaruka kwenye la pili na la tatu huku akimtukana mumewe kwa kila mruko. Akaleta na sabuni ya vyombo, tukapaka kingo, tukavisha, tukafunga boliti kwa mpishano ili rimu isikae upande. Upepo ulipokataa kukaa, tulizungusha kamba katikati ya tairi, tukaikaza kwa kijiti mpaka kingo zikatanuka zikaibana rimu. Mimi nikashika pampu.

Nikapampu. Nikapampu kwa hasira na hofu, tairi likasimama, likang'aa, likawa gumu kama ngoma.

"Basi, mke wangu mdogo," Evon akasema. "Unataka liimbe kanisani? Limekakamaa kama wewe."

Jibu nilikuwa nalo, zuri tena, lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza. Nikainama, nikabonyeza kipini cha valvu, nikaliacha lipumue. Likashuka tumbo, likalala kidogo chini, laini. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Nikamtazama Evon.

"Bado kidogo," akasema, taratibu.

Nikatoa tena. Mengine mawili nikayafanya hivyohivyo. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu nilikuwa sijamrudishia tusi.

Tukampakia Mama. Alikaa kwa upande ule mzima, mkono mmoja umenishika kiunoni, mwingine umekumbatia mkoba wenye samaki wakavu na chupa ya mafuta ya sili ya kuwapelekea ndugu wa mjini. Evon alivaa mabuti yake yanayofika kifuani, akatembea kando yetu ndani ya tope, kiganja chake mgongoni mwa Mama.

"Shangazi, ukianguka usiniangukie mimi," alimwambia. "Bado nataka kuzaa."

"Na nani, mjinga wewe? Fedosia amekuchoka," Mama akajibu.

Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika usukani nikiongea na Mungu. Tukafika pale nilipozama, shimo limejaa maji ya kahawia. Nikalikwepa kidogo, mafuta kidogo sana, na matairi yale mabaya, matairi matamu yale, yakatandaza matumbo yao juu ya majani yakapita. Ardhi ilikuwa inatikisika chini yetu kama godoro, lakini haikukatika. Nyuma hatukuacha hata mfereji, ila majani yaliyolala.

Katikati ya kinamasi gurudumu la kulia likapanda kichuguu cha nyasi. Ya miguu mitatu haina msamaha, ikiinama inakwenda. Nikasikia uzito wa Mama unahama, vidole vyake vikanifinya nyama ya ubavu, nikajitupa upande wa juu kwa mwili mzima. Evon akaingiza bega chini ya chuma. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Kisha gurudumu likateremka, puu, likakaa sawa.

"Twende," Mama akasema.

Tulipogusa kokoto za uwanja, ndege ilikuwa imeshatua na rubani anatazama mawingu. Tukamnyanyua Mama mimi na Evon. Hapo hakusema habari za maiti, aliweka mikono yake shingoni mwetu. Rubani akanusa ile chupa ya mafuta ya sili, akakunja uso, Mama akamwambia kama hapendi basi afungue dirisha. Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikaingia kwenye mawingu, ikabaki sauti, halafu hata sauti haikuwepo.

Amekwenda. Mama yangu amekwenda! Nilikaa chini kwenye kokoto. Nikalia, nikacheka, nikajipangusa kamasi kwa mkono wenye tope. Nilisubiri Evon aseme kitu kuhusu kamasi zangu.

Nikageuka. Alikuwa ameegemea pikipiki, kofia ameivua, anatazama kule kinamasini tulikotoka.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ulipozama na yale magunia," akasema, "mimi sikuona unga. Nilimwona shangazi."

"Si ulikuwa unacheka kwenye redio?"

"Ningefanya nini? Ningelia kwenye redio?"

Hasira ikanipanda, ile yangu ya karibu, ya kwanza kwake maishani mwangu. "Ulijua! Ulijua tangu mwanzo kwamba meno yatazama, kwa nini usiniambie kama mtu mzima? Kwa nini kila siku utani?"

Evon akanitazama kwa upole kabisa.

"Ningekwambia bila utani, Balassia, ungenisikiliza? Padri alikukosoa bila utani. Muuza duka alikukosoa bila utani. Husemi nao mpaka leo."

Miaka yote ile nilidhani simkasirikii Evon kwa sababu mimi ni bingwa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatafuta njia ya kunifikia.

Nikaivuta kamba, injini ikaitika. Nikamwambia apande, akae pale alipokaa Mama, maana alikuwa amechoka na mguu unamuuma. Akapanda. Nikamuuliza kama upepo wa matairi unatosha kwa watu wawili, na nikasubiri aniambie.