Jinsi Kwaya ya Mlimani Ilivyoacha Kushuka

Baada ya mashindano ya Ulemo, jaji aliirudishia Kwaya ya Mlimani, kutoka Kinampanda, karatasi yenye neno moja la Kiingereza: decline. Wazee wa usharika walimwita Raheli, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, awafafanulie. Alisema neno hilo hutumika bei inaposhuka, afya inapozorota na utawala unapofifia. Mzee mmoja akapendekeza wanakwaya wapelekwe zahanati. Raheli akaeleza kwamba jaji alikuwa akisema juu ya sauti: mwisho wa wimbo alibonyeza kinanda, akakuta kwaya iko chini ya ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umeandikiwa.

Raheli alihakikisha mwenyewe mazoezini. Kila ubeti ulishuka noti moja, bila kukosa. Wazee wakapitisha azimio: wimbo ukiishia tena chini ya ufunguo, Calist, mwalimu wa kwaya, atampisha Clement wa sauti ya nne. Calist alikuwa ameifundisha kwaya hiyo tangu ujana wake, na hakuna mahali pengine alipoitwa Mwalimu.

Hakujaribu kuzuia kushuka. Kitu kinachotokea bila kukosa, alisema, kinaweza kutegemewa. Wimbo una beti nne. Basi wataanza noti nne juu, na kila mtu ataingia wimbo utakapomfikia.

"Huko juu tunapanda na ngazi, Mwalimu?" Clement aliuliza.

"Wewe kaa hapohapo chini, Clement. Wimbo utakukuta."

Siku ya mashindano yaliyofuata, kule Kiomboi, noti ya kuanzia iliwezwa na mtu mmoja tu, Yunisi, mkulima wa vitunguu. Aliimba ubeti wa kwanza peke yake. Wenzake walisimama wamefungua vinywa, tayari. Aliimba wa pili. Wimbo haukushuka hata kidogo. Raheli, aliyeketi nyuma, aliielewa sababu kabla ya wengine: waliokuwa wakiuvuta wimbo chini siku zote ndio hao waliokuwa wakiusubiri ushuke.

Baada ya ubeti wa tatu Calist alikuwa akitokwa jasho.

"Dada Yunisi, shuka basi," Clement alinong'ona.

"Njooni nyie," Yunisi alisema, akavuta pumzi, akaanza wa nne.

Jaji alibonyeza kinanda, akasikiliza, akabonyeza tena. Safari hii aliandika kwa Kiswahili kwamba wimbo uliishia noti nne juu ya ufunguo.

Wazee walikutana palepale nje. Clement alilalamika kwamba yeye hakuimba hata neno moja, na hakuna aliyeimba isipokuwa Yunisi. Wazee walimsikiliza hadi mwisho. Kisha wakamjibu kwamba azimio lilihusu kushuka, kushuka kumetafutwa na hakukuonekana, na mambo ya kuimba hayakuwamo.

Calist akabaki mwalimu wa kwaya. Wanakwaya wengine wote wakashukuriwa, wakaombwa waendelee hivyohivyo.